Kizibo cha Katikati

Kaunta ya duka la kocha wetu ilikuwa na kazi mbili. Upande wa mlangoni alipimia vitambaa: leso, mashuka, vitambaa vya sare za shule. Upande wa ndani, karibu na ukuta, ilikuwa uwanja wa mpira wa kikapu. Mistari aliichora kwa chaki ya cherehani, ile ya bluu. Kila asubuhi mkewe aliifuta, na kila siku baada ya swala ya Alasiri yeye akaichora upya. Wachezaji wetu walikuwa vizibo vya soda. Wapinzani walikuwa punje za mahindi.

Nilianza kwenda pale kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa nimekuja Machakos kumzika kaka yangu, na kabla sijarudi Nairobi, chuo kikuu kikafungwa kwa ajili ya mgomo. Redio ilisema tutaitwa baadaye. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama. Tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, bila kuzungumza, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyotafuna. Sikuwa na huzuni. Nasema hivi kwa sababu watu walikuwa wakinitazama usoni wakiitafuta. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi. Unajua ni wako, unaupiga kofi, nao hausemi kitu.

Kaka alikuwa akifanya kazi katika ghala la kahawa kule Kangundo, na jioni alikuwa senta wa timu ya mji. Senta ni yule mtu mrefu anayesimama karibu na kikapu, katikati, ili adui asipite. Mama hakuwahi kwenda uwanjani hata siku moja. Alichoelewa kuhusu mchezo huo ni hicho tu, kwamba kazi ya mwanawe ilikuwa kusimama. Kaka akirudi na fulana imelowa jasho, mama alimuuliza kwa Kikamba, "Leo umesimama vizuri?" Naye alijibu, "Nimesimama, mwaitu," yaani mama, kisha akaketi kula.

Walisema kilichomuua ni kifua. Nilimuuliza daktari kifua gani, akaniambia nimshukuru Mungu kwamba hakuteseka sana. Nilikuwa nimemwona akiteseka. Kaburini mchungaji alisema kaka ameitwa. Nilitaka kuuliza ameitwa na nani, kwa kazi ipi, na kwa nini huyo aliyemwita hakuweza kungoja msimu uishe. Sikuuliza. Mama alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu kabisa.

Msimu haukungoja. Timu ilikuwa imeshinda mechi nyingi kaka akiwa mzima, na zile pointi hazikufa naye. Tukajikuta tumemaliza kileleni mwa ligi, na mchujo ukatufikisha fainali dhidi ya timu moja ya Nairobi. Mshindi angekuwa yule atakayeshinda mechi mbili kati ya tatu. Ya kwanza ingechezwa kwao, na mbili za mwisho kwetu, kwa kuwa tulimaliza juu yao. Nilipoambiwa hivyo nilifikiri: basi hata mahali tutakapochezea ni kazi ya mtu aliyelala chini ya mibuni kule Kangundo. Nilifikiri tu. Haikunigusa popote.

Mechi ya kwanza sikwenda. Walipigwa vibaya. Kesho yake alasiri nilitembea bila mpango, nikapita kituo cha magari, nikapita soko, nikajikuta mbele ya duka la kocha. Ndani watu walikuwa wakigombana.

"Tulicheza kama watoto wa shule wanaofukuza kuku!" Huyu alikuwa karani wa mahakama, mtu wa tai nyembamba ambaye hakuwahi kushika mpira maishani. "Mtu kwa mtu, mtu kwa mtu. Mtu gani? Tucheze zoni. Kila mmoja alinde eneo lake. Wawili mbele, watatu nyuma, na pale katikati pamefungwa. Basi!"

"Zoni ni ya wavivu." Aliyejibu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa barazani mwa duka, na alizoea kuingia na kiatu cha mteja mkononi na misumari mdomoni. "Mtu amkabe mtu wake. Ukimwacha mtu, umeacha mlango wazi."

"Mtu wake ni jitu, wewe! Umeliona lile jitu lao? Linabadilisha balbu bila kupanda kiti."

"Basi wewe karani lipelekee samansi. Likija kortini halitacheza."

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani akaoa Machakos na kubaki. Kiswahili chake kilikuwa cha babu yake, na Kikamba chake kilikuwa cha wateja wake. Aliponiona alikuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na wewe?"

"Niko."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye vizibo vyake. Wengine walisogea kunipa nafasi. Tangu siku ile waliniita Msomi, na sikujua kama ni heshima au kejeli. Nadhani nao hawakujua.

Vile vizibo vilikuwa na mila yake. Mwanzo wa msimu, baada ya zoezi la kwanza, kocha alimnunulia kila mchezaji soda moja. Ukishakunywa, kizibo chako kinaingia katika kopo la majani ya chai lililokaa juu ya rafu ya mashuka, na mpaka msimu uishe wewe ndiye kile kizibo. Kila mtu alikijua chake na cha mwenzake. Kimoja kilikwaruzwa kwa ufunguo, kingine kilikunjwa, kingine kilikuwa na kutu. Cha kaka kilikuwa na alama za meno ukingoni, kwa kuwa alifungua soda kwa meno tangu utoto na mama alishindwa kumkataza.

Nilikiona siku ile ile ya kwanza. Kilikuwa juu ya kaunta, mbele kidogo ya kikapu kilichochorwa kwa chaki, mahali pake. Nilidhani sasa kinamwakilisha mtu mwingine, yeyote aliyechukua nafasi yake. Niliona jambo hilo ni la busara. Mtu akifa, koti lake anapewa mwingine. Kwa nini kizibo kisipewe?

Kocha alichukua punje kubwa ya mahindi iliyokuwa lile jitu, akaisukuma kwa kidole kutoka pembeni hadi katikati. "Akija hapa," alisema, "anamkuta nani?"

"Hapiti," karani akasema.

"Akizunguka huku?"

"Hapiti."

"Akirudi?"

Fundi viatu alitema misumari kiganjani, akainama kutazama. Alikagua uwanja wote kama anayekagua soli. Mwishowe akasema, "Sawa. Zoni. Lakini mkipigwa mimi sipo."

"Wewe hata tukishinda haupo. Ulikuwa mtu kwa mtu!"

Kulikuwa na mtu mwingine pale ambaye hakuingia ndani. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango, miguu yake mirefu imefika karibu na kibanda cha fundi, akichonga kipande cha mti kwa kisu kidogo. Alitoka Wamunyu na aliuza vinyago mjini. Alijiunga na timu kaka alipoanza kukosa mazoezi, na tangu hapo alikuwa akikaa benchi. Alikuwa mrefu karibu sawa na kaka. Hilo nililiona, nikaacha kulitazama.

"Na huyu?" niliuliza, nikimwonyesha kwa kidevu.

"Huyu alikuja katikati ya msimu," karani akasema. "Hana kizibo."

"Jichongee cha mti, bwana!" fundi viatu akampigia kelele. "Si uko na kisu?"

"Mimi nachonga twiga," yule mchongaji akajibu bila kuinua uso. "Vizibo sichongi."

Wakacheka tena, mjadala ukaendelea, naye hakutajwa tena.

Mechi ya pili nilikwenda. Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji nyuma ya ukumbi wa mji. Aliyeimwaga alikuwa na haraka, kwa hiyo iliinama kidogo kuelekea mtaroni. Vijana wetu walijua kwamba mpira ukidunda upande ule unakimbia. Wageni hawakujua. Watu walijaa ukutani, wengine juu ya mapipa, akina mama wenye vikapu wakitoka sokoni walisimama kidogo kuuliza nani anashinda. Nilikalia ukuta na kuwatazama wote wakipiga kelele. Nilijaribu kupiga kelele mara moja. Sauti ikatoka kama ya mtu anayeita teksi.

Kutoka pale juu ya ukuta niliona jambo nisilolielewa. Walinzi wawili walikuwa mbele. Watatu walikuwa nyuma, wametanda kutoka kona hadi kona. Katikati hapakuwa na mtu. Lile jitu la Nairobi lilipokea mpira pale pale katikati, likageuka polepole kama mtu aliye sebuleni kwake, likafunga. Likafunga tena. Kila mara vijana wetu waligeuka na kutazama pale katikati kwa mshangao, kama watu waliokuwa wameacha kitu mahali na sasa hakipo.

"Nani anakaa katikati?" nilimuuliza karani, aliyesimama chini yangu.

"Nini?"

"Katikati! Nani analinda katikati?"

"Zoni inashika! Ngoja tu, inashika!"

Haikushika. Kilichotuokoa ni sakafu. Kipindi cha pili lile jitu lilikimbilia mpira uliokuwa ukiteleza kuelekea mtaroni, likamkumba kijana wetu, likafanya vile tena baadaye, na refa akalitoa nje kwa makosa mengi. Bila lile jitu wageni walikuwa watu wa kawaida. Tukashinda. Watu waliingia uwanjani, wakambeba kocha, wakashindwa, wakamweka chini. Karani alinikumbatia. Alinukia wino na jasho.

"Umeona zoni, Msomi? Umeona?"

Nilimwambia nimeona mteremko.

"Wewe na maswali yako," alisema, akaenda kumkumbatia mtu mwingine.

Njiani kwenda nyumbani nilijaribu kulifikiria lile pengo kama hesabu ya darasani. Juu ya kaunta halikuwapo. Kwenye saruji lilikuwapo. Watu ni wale wale na mpango ni ule ule. Nilifika kwetu, mama akanipakulia, akaketi. Hakuuliza kitu. Fulana ya kaka ilikuwa bado kwenye kamba ya nguo nje. Aliifua siku ya kumuosha kaka, na tangu siku ile tulipita chini yake, mimi nikiinama, yeye akipita bila kuinama.

Siku iliyofuata nilifika dukani kabla ya wengine. Kocha alikuwa akichora mistari. Wakaja, wakapanga vizibo, wakaanza. Mjadala wa siku hiyo ulikuwa kuhusu mambo madogo, kwa sababu washindi hujadili mambo madogo. Karani alitaka walinzi wa mbele wasogee hatua moja zaidi. Fundi viatu alitaka yule wa kona ya kushoto asivuke mstari, kwa kuwa ana goti bovu.

"Goti bovu unalijuaje?"

"Viatu vyake natengeneza mimi. Kimoja kinaisha kisigino, kingine kinaisha kidole. Huyo mtu anachechemea na hajui."

"Na jitu je?" kocha akauliza. "Safari hii halitatoka mapema. Litakuwa limeambiwa kuhusu sakafu." Akaisukuma ile punje kubwa. "Likija hapa..."

"Hapiti," wakasema pamoja.

Ndipo nikavihesabu. Sijui kwa nini sikuvihesabu kabla. Viwili mbele. Vitatu nyuma. Na cha katikati, chenye meno.

Nikahesabu tena. Kisha nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mko sita."

"Nani yuko sita?"

"Nyinyi. Vizibo ni sita. Mpira wa kikapu ni watu watano."

Fundi viatu alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Karani hakuhesabu. Alilegeza tai yake na kunitazama mimi, si kaunta, na nikaelewa kwamba yeye hakuwa na haja ya kuhesabu.

"Wawili mbele, watatu nyuma," nikaendelea, "hao ndio watano. Hao ndio wanaokwenda uwanjani. Wa katikati haendi uwanjani. Hapa mezani jitu halipiti kwa sababu yake. Kule linapita. Vijana wenu wanakimbilia kona kwa sababu nyinyi mmewaambia katikati kuna mtu."

"Msomi," karani akasema taratibu, "kuna mambo mtu hasemi."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini? Ni ndugu yako!"

"Ndiyo sababu nauliza."

"Asi! Huyu mtoto moyo wake ni jiwe," karani akawaambia wengine, kama kwamba mimi nimeshatoka. "Sisi tunalia, yeye anahesabu."

Nilingoja niumie. Neno lile lilikuwa la haki au la dhuluma, sikujua, na lilipita kama gari linalopita barabara ya pili. Kocha alikuwa ameweka kidole chake juu ya kile kizibo, hakibonyezi, hakisogezi.

"Hajakosea," kocha akasema. "Kila siku mimi navitoa vizibo koponi, naviweka. Mkono wangu wenyewe unakiweka hiki. Nikishakiweka, naona mpango umekaa. Nasema alhamdulillahi. Kisha tunakwenda kupigwa."

"Basi kitoe," nikasema. "Mweke mtu. Mtu wa mita mbili ameketi pale mlangoni kila siku anachonga twiga."

Kile kisu cha mlangoni kikanyamaza. Huyo mchongaji hakugeuka, lakini masikio yake yote yalikuwa ndani. Nilijua kuhusu yeye jambo moja tu, ambalo fundi viatu aliniambia: kwamba alikuwa akitembea kila jioni kwenda mazoezini baada ya kufunga vinyago vyake katika gunia, na hakuwahi kukosa, na hakuwahi kuchezeshwa. Baada ya fainali timu ingevunjika hadi msimu mwingine, na msimu mwingine huenda vinyago vingempeleka mji mwingine. Kama angesimama katikati, ingekuwa kesho yake au basi.

"Hana kizibo," karani akasema, lakini safari hii bila nguvu.

"Anunuliwe soda."

"Soda ni ya mwanzo wa msimu."

"Nani alisema?"

Wote wakamtazama kocha. "Mimi nilisema," kocha akajibu. Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena. "Mwanangu, sikiliza. Nikimpa huyu soda, kopo litakuwa na watu wawili wa katikati. Lazima mmoja nimtoe. Mimi si mtu wa kumtoa. Nilimfundisha kudunda mpira akiwa hafiki kaunta hii. Wewe ndiye wa kwake. Kitoe wewe, na mimi nitanunua hiyo soda sasa hivi. Usipokitoa, tutacheza hivi hivi, Mungu atajua."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nilikuwa nimezoea kuuliza maswali na watu wengine kufanya kazi ya kujibu. Chuoni ndivyo tulivyoishi: unasimama, unaibomoa hoja ya mtu, unaketi. Sasa watu wote walikuwa wakiutazama mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Niliutoa. Niliuona ukienda juu ya kaunta kama mkono wa mtu mwingine. Kizibo kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani na kilikuwa na vumbi la chaki ya bluu chini. Nilipitisha kidole gumba kwenye zile alama za meno. Jino la pili la juu la kaka lilipinda kidogo, na ukingo wa kizibo ulikuwa umepinda vile vile. Nikakitia mfukoni.

"Haya," nikasema.

Mahali kilipokuwa palibaki kiduara kidogo kisicho na chaki. Kocha aliagiza soda kutoka kibanda cha jirani. Ilipofika, mchongaji aliingia ndani kwa mara ya kwanza, akiinamisha kichwa chini ya boriti ya mlango. Kocha alimpa chupa.

"Kunywa."

Aliifungua kwa mpini wa kisu chake. Alikunywa nusu, akaona aibu, akamalizia kwa haraka, macho yakamtoka machozi ya gesi. Fundi viatu akasema, "Kunywa polepole, jitu letu, lile lingine halijafika bado." Kicheko kikatoka kidogo. Mchongaji alikishika kizibo chake, akakigeuza, akakitazama kama anayetafuta mnyama aliye ndani yake, kisha akakiweka kwenye kile kiduara. Kilikuwa kimeenda kando kidogo. Kocha akakisogeza. Halafu akaondoa kimoja cha nyuma, akakirudisha katika kopo.

"Wawili, mmoja, wawili," alisema. "Watano. Tuanze upya."

Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama. "Sasa kona hii," alisema huku akikohoa, "kona hii imebaki wazi."

"Pengo lilikuwapo siku zote," nikamwambia.

Mechi ya mwisho tulishindwa kwa kikapu kimoja.

Ningependa kusema vinginevyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mchongaji alisimama katikati tangu mwanzo. Hakuwa kama kaka. Kaka alisimama kama nguzo ya lango. Huyu alisimama kama mtu aliye foleni, na mwanzoni lile jitu lilimsukuma huku na huku. Kisha akaanza kuliotea. Lilipoinua mkono, naye alikuwa ameshainua wake. Lilipogeuka, lilimkuta pale. Kocha alikaa kwenye kiti cha mbao cha duka lake kipindi chote cha pili. Mwishoni mpira ulikwenda kona, ile kona iliyokuwa wazi, na kijana mmoja mfupi wa Nairobi ambaye hakuna punje ya mahindi iliyowahi kumwakilisha akaurusha, ukaingia. Refa akapiga filimbi.

Watu hawakuondoka mara moja. Walisimama juu ya saruji katika vikundi, wakionyesha kwa mikono. Karani alikuwa amevua tai.

"Tungecheza mtu kwa mtu dakika za mwisho," alisema. Yeye, mtu wa zoni!

"Sasa ndiyo unasema?" fundi viatu akamjibu. "Sasa ndiyo? Kona haikuwa na mtu. Marehemu angekuwapo, angerudi nyuma kidogo, mchongaji angetoka kwenda kona. Hao wawili pamoja..."

"Marehemu hakuwa mtu wa kurudi nyuma."

"Alikuwa anarudi! Ile mechi ya mvua, marehemu alirudi mara ngapi?"

Wakaendelea. Nilisimama karibu nao, mkono mfukoni. Tangu nifike nyumbani sikuwa nimesikia mtu yeyote pale akimwita kaka yangu marehemu. Walimwita senta, walimwita ndugu yako, walimwita yule. Sasa walilitumia neno hilo kwa urahisi, wakibishana juu yake, mmoja akisema marehemu alikuwa mvivu wa mazoezi, mwingine akisema marehemu alikuwa na mkono wa kushoto mbaya. Nilitaka kuwaambia kwamba mkono wa kushoto ulikuwa mzuri, ni bega lililokuwa na jeraha tangu alipoanguka kutoka juu ya mparachichi akiwa mdogo. Nikawaambia. Wakanisikiliza. "Kumbe," fundi viatu akasema, na mjadala ukalimeza hilo nalo, ukasonga mbele.

Mchongaji alikuwa akivaa viatu vyake. Nilipompita alisema, "Pole." Sikujua kama ni kwa mechi. Nikamwambia, "Na wewe."

Mama alikuwa jikoni. Moshi ulikuwa umejaa, akafungua mlango kwa mguu. Alikuwa amesikia kelele kutoka mjini na kimya kilichofuata, na watu wa mji wetu wanajua maana ya kimya hicho.

"Mmeshindwa," alisema kwa Kikamba.

"Tumeshindwa, mwaitu."

Akakoroga sufuria. Nilikitoa kizibo mfukoni, nikakiweka juu ya kigoda kando yake. Alikitazama. Alizijua zile alama za meno kabla sijasema lolote. Alikichukua, akakipangusa chaki kwa ncha ya leso, akakiweka juu ya rafu karibu na chumvi.

"Na pale kwake," aliuliza, "alisimama nani?"

"Mtu wa Wamunyu. Mchonga vinyago."

"Alisimama vizuri?"

Nilifikiri. Ni swali ambalo ningeweza kulijibu kwa maneno mengi.

"Alisimama," nikasema.

Mama alitikisa kichwa, akapakua. Kisha akatoka nje, nikasikia kamba ya nguo ikitikisika. Aliporudi alikuwa na ile fulana mkononi. Ilikuwa ngumu kwa jua na imepauka upande mmoja. Aliikunja juu ya magoti yake, mikono ndani, shingo juu, kama zinavyokunjwa dukani kwa kocha.

"Kula," aliniambia. "Kinapoa."

Nikala. Usiku ule, nilipotoka kwenda chooni, niliinamisha kichwa chini ya kamba ile ile, na hapakuwa na kitu juu yake.